Aliyeachwa Chini kwenye Zamu ya Tatu

Zenovia alikuwa mwanamke wa taa. Hivyo ndivyo watu wa Dealu Negru, mji wa wachimbaji bondeni, walivyozoea kumwita, na hawakuacha hata mgodi ulipofungwa na chumba cha taa kikawa cha kulala mbuzi. Alianza kazi hiyo akiwa msichana. Mchimbaji alifika dirishani, akampa kibati chake cha namba. Zenovia akakitundika kwenye msumari ukutani, akampa taa yenye namba ileile. Mtu akipanda juu anarudisha taa na kuchukua kibati chake. Msumari wenye kibati, mtu yuko chini. Msumari mtupu, mtu yuko nyumbani anakula kabichi. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, mtoto angeiweza. Lakini uzito wake waujuao ni wale wanawake waliokaa nyuma ya lile dirisha, kwa sababu mwanamke wa taa havui koti lake la kazi mpaka misumari ya zamu yake yote iwe mitupu.

Siku moja kibati kimoja hakikuchukuliwa. Kilikuwa cha Pamfil, mume wake.

Moto ulishika chini, kwenye makaa. Wenzake wote walitoka, wengine wameungua, wengine wanabebwa. Pamfil alikuwa mbele kuliko wote, akabaki upande wa pili. Waokoaji wakajenga ukuta wa matofali ili moto ukose hewa, maana moto wa makaa ya mawe hauzimwi kwa maji. Ukuta ukakauka, moto ukafa, na hakuna aliyeubomoa tena. Siku ile Zenovia alikaa na koti lake mpaka walipokuja kumvua kwa mikono.

Sasa, kule kwao, ukiingia kanisani kuna sehemu mbili za kuwashia mishumaa. Upande mmoja ni wa walio hai, upande wa pili ni wa marehemu. Mtu akikosea upande, watu hushtuka kabisa, maana kumweka aliye hai kwa marehemu ni kama kumsukuma shimoni. Mshumaa wa Pamfil, Jumapili baada ya Jumapili, miaka yote, Zenovia aliuwasha upande wa walio hai. Hakuna aliyeiona maiti yake, alisema. Tena kulikuwa na handaki la zamani la kutolea maji, lililotokea upande mwingine wa mlima, kwenye malisho ya kondoo. Wazee walisema mtu mwembamba angeweza kupita humo. Pamfil alikuwa mwembamba.

Padre wao, Baba Gavril, alimwacha. Alikuwa mtu wa huruma. Alimwambia mara moja tu, "Zenovia, ukiwa tayari, tutamwimbia." Naye akajibu, "Akirudi, tutaimba pamoja." Basi ikawa hivyo. Binti yake, aliyekwenda Italia kutunza vikongwe, aliacha kumwuliza.

Na Cornel naye hakuwahi kumwuliza. Cornel alikuwa rafiki wa Pamfil, tena baba wa ubatizo wa yule binti. Alikuwa kwenye kikosi cha waokoaji, na kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto kilibaki mgodini. Kila majira ya kupukutika kwa majani alikuja na shoka kumpasulia Zenovia kuni za kipupwe. Hataki malipo, hataki shukrani, chakula anakula akiwa amesimama.

Ndipo wakaja watu wa televisheni.

Walikuja kutoka mji mkuu, Bukaresti, na magari marefu, wakasema wanatengeneza tamthilia ya wachimbaji, iitwayo Zamu ya Tatu. Mji uliokuwa umekufa ukachangamka. Mwandishi wa tamthilia, kijana mrefu wa miwani aitwaye Tiberiu, alipanga kwa Zenovia, kwenye chumba cha binti. Alikuwa na adabu. Alikula kila alichopewa, na jioni alikaa jikoni akisikiliza. Zenovia, ambaye hakuwa na mtu wa kumsikiliza, alimweleza yote: misumari, koti, ukuta, handaki la maji.

Tiberiu akamtengeneza mtu. Akamwita Avram, mchimbaji mwembamba, mwenye mke na mtoto mmoja. Mlipuko utamkuta chini, naye ataachwa nyuma ya ukuta.

"Halafu?" Zenovia aliuliza, akiwa ameshika kijiko juu ya sufuria.

"Halafu atatoka, shangazi. Kwa lile handaki lako."

"Usinitanie, mwanangu."

"Sikutanii. Wakubwa wameshakubali. Atatoka upande wa pili wa mlima."

Zenovia akageukia jiko, akakoroga uji wa mahindi ambao ulikuwa umeshaiva.

Walimchukua acheze kile alichokuwa: mwanamke wa taa. Wakampaka unga usoni ili asing'ae, wakamkalisha nyuma ya dirisha lake mwenyewe. Watu wa vifaa walikuwa wamechonga vibati vipya vya bati, vimepakwa rangi ya kutu. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu wa nje asingelielewa. Kwenye mgodi, namba ya mtu aliyebaki chini haipewi mtu mwingine. Inangoja. Mgodi ulipofungwa Zenovia alikwenda na kibati cha Pamfil nyumbani. Asubuhi ile alikuwa nacho mfukoni mwa aproni. Yule kijana aliyecheza Avram alipopita nyuma ya kamera akivuta sigara, alimwita.

"Mwanangu, tumia hiki."

"Kina nini hiki, mama?"

"Ni kizuri zaidi. Kina kutu ya kweli."

Kijana akacheka, akakitumia. Zenovia alikitundika msumarini mbele ya kamera, akakinyoosha kwa kidole, na mwongozaji akapiga kelele kwamba ni vizuri mno, abaki hivyohivyo. Alichokitaka Zenovia ni kitu kimoja tu. Alitaka kuiona namba ile ikipanda juu. Hata mara moja. Hata kwa uongo.

Sehemu ile ilionyeshwa majira ya baridi. Bonde lote lilikaa mbele ya televisheni. Avram alishuka, mlipuko ukasikika, wanawake wakakimbilia langoni, na mwishoni kabisa kikaonyeshwa kile kibati, kimoja, ukutani, na uso wa Zenovia unakitazama.

Wiki iliyofuata, saa ileile, kulikuwa na watu wanashindana kupika.

Kituo cha televisheni kilikuwa kimepata mmiliki mpya, naye alisema watu wa mijini hawataki kutazama masizi. Wanawake wa bonde walipiga simu mpaka wakachoka. Waliambiwa tamthilia imepumzishwa. Vitu vyote vilikuwa vimepakiwa kwenye masanduku na kupelekwa Bukaresti, kibati cha Pamfil kikiwa humo. Jirani yake Ofelia alikuja na kahawa, akamkuta amekaa tu.

"Shoga, usilie. Ni mchezo ule."

"Silii."

"Kwanza yule Avram hakuwa mzuri kihivyo. Masikio kama milango ya gari."

Zenovia alitabasamu ili Ofelia aende zake.

Baada ya hapo ndipo zikaanza zile ndoto. Hazikumjia usiku. Zilimjia alasiri, saa ambayo zamani king'ora cha kubadilisha zamu kililia, alipojinyoosha kidogo kitandani baada ya kuosha vyombo. Anajiona yuko nyuma ya dirisha. Nje kuna mtu, uso mweusi kwa masizi, maji yanamchuruzika, masikio yamejitenga. Si Pamfil. Pamfil hakuwahi kumjia ndotoni hata siku moja, na hilo lilimuuma kuliko yote. Ni Avram. Anarudisha taa, anaiweka vizuri juu ya kizingiti. Halafu ananyoosha mkono apewe kibati chake. Zenovia anageuka ukutani na kibati hakipo. Anapapasa misumari yote. Akigeuka tena, mkono bado umenyooshwa, na mtu yule anangoja kwa subira ya mtu aliyechoka ambaye hataki kumsumbua mwanamke wa watu.

Akiamka husikia harufu ya makaa mabichi yaliyolowa. Alifua mapazia, akafua mablanketi. Harufu haikutoka.

Kule kwao marehemu akikutokea ndotoni ameomba kitu, unampa jirani kitu kilekile kwa ajili ya roho yake, yakaisha. Mkate, shati, ndoo ya maji. Lakini huyu alikuwa marehemu? Zenovia akaenda kwa Baba Gavril.

"Baba, nauliza. Mshumaa wa Avram niuwashe upande gani?"

"Avram yupi? Wa kinu cha mbao?"

"Wa Zamu ya Tatu."

Baba Gavril alijikuna ndevu. "Zenovia mwanangu, yule si mtu. Yule ni kijana mwigizaji wa mjini Craiova. Nimemwona juzi kwenye tangazo la sabuni, amenenepa kama askofu."

"Huyo wa sabuni namjua, Baba. Nauliza yule wa chini."

"Hakuna wa chini."

"Kabla ya kushuka alifanya ishara ya msalaba. Mlimwona wote."

"Aliandikiwa kuifanya." Baba Gavril alisema kwa upole, lakini alitazama pembeni. "Ambaye Mungu hakumuumba, mimi nitamwombea kwa jina gani? Siwezi. Ila wewe nitakuombea. Unapungua, mwanangu."

Alikuwa anapungua kweli. Sketi zake alizifunga kwa pini. Mwishowe, majani yalipoanza kuanguka, alimpigia simu Tiberiu.

"Njoo ule kabichi," alimwambia. "Nina jambo la kukuuliza."

Alikuja kwa treni. Hakuwa yule kijana wa mwanzo. Miwani ilikuwa imefungwa waya upande mmoja, na alisema siku hizi anaandikia kipindi cha mapishi. Zenovia alimwekea mbele kabichi iliyoviringishiwa nyama, na uji mgumu wa mahindi, na maziwa ya mgando. Akamwacha ashibe kwanza. Halafu akauliza.

"Avram alitoka au hakutoka?"

Tiberiu akacheka kidogo, halafu akaona kwamba yule mama hachezi.

"Angetoka, shangazi. Tena ilikuwa iwe tamthilia nyingine kabisa, peke yake. Tulikuwa tumeshaipa jina: Upande wa Pili wa Mlima." Uso wake ukachangamka, mikono ikaanza kusema nayo. "Anatokea kwenye handaki wakati theluji inayeyuka. Wachungaji wanamkuta amelala kati ya kondoo, hajui jina lake. Wanamwita Jumanne kwa sababu ni Jumanne. Anajifunza kutengeneza jibini. Anakuwa mtu mkimya, mwema. Na mke wake huku anamwashia mshumaa. Mpaka siku moja sokoni anaonja jibini, anamwuliza muuzaji imetengenezwa na nani. Kondoo nilikuwa nimeshawachagua, shangazi! Niliwaona kwa macho yangu. Kulikuwa na dume mmoja ana pembe moja."

Zenovia alisikiliza kama mtoto, mikono mapajani. Jikoni palikuwa na joto, na kwa kitambo kidogo mtu mwembamba alitembea kwenye majani mabichi upande wa pili wa mlima, na namba yake ilikuwa imepanda juu.

"Ni nzuri," alisema. "Hiyo uliifikiria mwanzo kabisa?"

Angeweza kuachia hapo. Lakini aliuliza, na Tiberiu, kwa kuwa alikuwa mkweli na ameshiba, alijibu.

"Hapana. Hiyo waliitaka wakubwa, walitaka mtu wa kuendelea naye. Mimi mwanzo niliandika vingine. Kwenye yangu, waokoaji wanajenga ule ukuta. Kuna bomba la hewa limepita chini. Mmoja wao ameinama kupanga tofali, anasikia mtu anagonga bomba kutoka upande wa moto. Anagonga, ananyamaza, anagonga. Anamwambia mkuu wao. Mkuu anasema moto ukivuka hapa tumekufa sisi na walioko nyuma yetu wote. Basi wanaendelea. Yule aliyesikia anaendelea kupanga matofali, machozi yanamtoka, hasemi. Mkubwa wa kituo aliposoma akasema hapana, saa hiyo watu wanakula chakula cha jioni." Akatikisa kichwa. "Ilikuwa bora kuliko zote. Haikupigwa picha hata kidogo."

Zenovia alifuta meza kwa upande wa aproni.

"Hilo la bomba ulilitoa kichwani mwako?"

"Hapana, hilo..." Tiberiu akapangusa mdomo. Akaweka uma chini.

"Ulilitoa wapi?"

"Shangazi, nilidhani unajua. Nilidhani mji mzima unajua."

"Ulilitoa wapi, mwanangu?"

"Mzee mmoja alinieleza baa. Alikuwa amekunywa. Aliniomba nisimtaje."

"Mkono wake wa kushoto una vidole vyote?"

Tiberiu alitazama sahani yake. 

Alimsindikiza mpaka kituoni, maana mgeni ni mgeni. Treni ilipokuwa inaingia alimshika mkono wa koti.

"Na Avram? Nani atammalizia?"

"Hakuna. Wameuza haki zote, aliyenunua hata hajui amenunua nini. Hakuna atakayemwandika tena."

"Kwa hiyo yuko palepale."

"Yuko palepale, shangazi," alisema Tiberiu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeacha kitu chake shimoni naye pia. Akapanda.

Asubuhi iliyofuata Cornel alikuja na shoka lake. Zenovia alimwacha apasue mpaka jasho limtoke, ndipo akatoka na glasi mbili za pombe ya plamu. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji.

"Kaa, shemeji."

"Nikikaa sitainuka, mgongo huu. Lete hapahapa."

"Kaa, Cornel."

Hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu. Cornel akakaa juu ya gogo. Akamtazama, akatazama glasi mbili, na rangi ikamtoka usoni.

"Yule mwandishi," alisema. "Nilimwona jana kituoni."

"Alikuja kula kabichi."

"Mdomo wangu huu, shemeji. Ungekatwa huo, kidole kikaachwa."

Zenovia hakumlilia wala hakumpigia kelele. Alikaa naye kwenye gogo, karibu, kama walivyokaa zamani wakimngoja Pamfil atoke kunyoa ndevu ili waende sherehe. Miaka yote mtu huyu alikuwa amepasua kuni hizi. Sasa akaona kila gogo lilikuwa ni la nini.

"Sikulaumu kwa ukuta," alisema. "Mlikuwa na watu nyuma yenu. Nina swali moja. Nijibu hilo tu, sitarudia maisha yangu yote."

Cornel alitikisa kichwa kukubali, bila kumwangalia.

"Aliacha kugonga kabla hamjamaliza ukuta, au baada?"

"Kabla," alisema Cornel.

Alisema haraka. Haraka mno, kama mtu aliyekaa na jibu hilo mdomoni tangu siku ile, akiogopa swali na kulingoja. Kuku walikuwa wanachakura kwenye maganda ya mti. Zenovia alimtazama shavuni, pale msuli ulipokuwa unacheza, na alikuwa na nafasi ya kuuliza tena. Angeuliza mara ya pili, Cornel asingeweza kudanganya tena. Angesema kweli, na baada ya hapo wote wawili wangeishi nayo, mmoja nyumba hii na mwingine nyumba ile, mpaka kufa.

Zenovia alifanya ishara ya msalaba.

"Basi," alisema. "Kabla. Jumamosi ni siku ya marehemu wote. Nitapika ngano. Utakuja kushika sahani."

"Shemeji, mimi siwezi kuishika ile sahani."

"Utaishika."

Cornel alikunywa glasi yake, halafu, kwa kuwa Zenovia hakuigusa ya pili, akainywa na hiyo. Akainuka akaendelea kupasua mpaka kuni zikaisha.

Ijumaa Zenovia aliichemsha ngano, akaikoroga na sukari na njugu za jozi zilizosagwa, akaitandaza kwenye sahani kubwa na kuifunika sukari nyeupe. Ofelia alikuja kumsaidia kuchora msalaba kwa kakao, na safari hii hakuwa na utani. Alichora kimyakimya, akipangusa pua kwa mgongo wa mkono. Kwenye simu binti yake alilia mpaka bibi wa Kiitaliano aliyekuwa akitunzwa naye akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi kanisa lilijaa. Zenovia alipomwambia Baba Gavril jina la kusomwa, padre alilirudia moyoni, akaingia altareni. Alipotoka na kulisoma, "Pamfil," kati ya majina ya wengine wengi, wanawake wa bonde waligeuka wote kwa pamoja. Walikuwa hawajawahi kulisikia kati ya marehemu.

Ukafika wakati wa wimbo wa kumbukumbu ya milele. Desturi ni kwamba wa nyumbani wanaishika sahani ya ngano, na wimbo unapoimbwa wanaipandisha na kuishusha taratibu, na waliosimama nyuma wanawashika mabega, na walio nyuma yao vilevile, mpaka kanisa zima linapumua pamoja na ile sahani. Zenovia alishika upande mmoja. Cornel alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Zenovia hakumwita kwa sauti. Alimtazama tu mpaka akaja. Aliinyoosha mikono, akairudisha, na Zenovia akauchukua ule mkono wa kushoto kwa mkono wake mwenyewe, akauweka chini ya sahani.

Wakaimba. Sahani ikapanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Cornel hakuimba, midomo yake ilikuwa imebanwa kama mtu aliyeshika msumari kwa meno, na macho yake yalikuwa kwenye macho ya Zenovia, yakimwomba amwachie, au asimwachie, hakujua lipi. Naye Zenovia alimwona vizuri, akajua kwamba "kabla" ile itabaki kati yao siku zote, na kwamba ameikubali mbele ya Mungu akiwa na akili zake timamu.

Wimbo ukaisha. Mikono ikaondoka mabegani, mmoja baada ya mwingine, watu wakakohoa, wakatafuta vijiko.

"Wekeni chini sasa, wanangu," alisema Baba Gavril.

Hawakuweka, kana kwamba kuiweka chini ni kumwacha Pamfil shimoni mara ya pili. Walikuwa wawili tu, wameishika juu, na uzito wa ile ngano ulikuwa umeanza kuwaumiza viganja. Baba Gavril hakurudia. Alisimama nao, chetezo kikitoa moshi mkononi mwake, akangoja.